Watoto wako likizo na jua linawaka: vitu rahisi vya kufanya nao nyumbani

Wazazi wenzangu na walezi wote, likizo ya msimu wa joto ikifika mtoto wa miaka miwili hadi sita anaamka kabla ya kila mtu, saa mbili asubuhi kashamaliza michezo yote anayoijua, saa tatu anakuuliza tunafanya nini, na siku bado ndefu kweli kweli. Nimeandika hapa vitu ambavyo vinafanya kazi, vifaa vyake vingi viko jikoni au kwenye yale maboksi na makaratasi ulikuwa unaenda kuyatupa.

Ila kuna jambo moja nalisema mapema mana bila hilo haya mengine yote yanaharibika. Kazi ni ya mtoto, sio yako. Wewe unaandaa, unamuonyesha mara moja, afu unakaa jirani unaangalia. Ukianza kumnyooshea mstari, kumwambia jani haliwezi kuwa la zambarau, kumpokonya mkasi umalizie kukata kwa sababu anachelewa, dakika mbili mbele kakuachia kila kitu kaondoka, na ana haki yake. Faida anaipata kwenye kufinya, kuchana, kumimina na kubana kwa vidole vyake mwenyewe, hicho kitu kinachobandikwa ukutani mwishoni ni ziada tu.

La pili panga siku kwa kufuata jua. Maji na mambo ya nje fanyeni asubuhi, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni jua linakuwa kali zaidi kwa ngozi kwa hiyo muda huo ingieni ndani au tafuteni kivuli cha maana, jioni mnatoka tena. Maji ya kunywa mpe mara kwa mara usisubiri aseme ana kiu, mtoto akishakolea mchezo hakumbuki kabisa.

Usalama kwanza, na hapa naomba usiruke

Chukua lile rola tupu la katikati ya tishu ya chooni. Kitu chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, anaweza kukimeza au kikamkaba koo. Vifungo, shanga, vifuniko vya chupa, maharage, vyote pima hivyo hivyo. Zile betri ndogo za duara bapa na sumaku ndogo ndogo usizilete kabisa kwenye eneo la mchezo hata kama mtoto ni mkubwa, zikimezwa zinaunguza na kutoboa utumbo. Puto nalo likipasuka okota vipande vyote hapo hapo.

Na maji jamani. Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita chache tu na anazama kimya, hapigi kelele wala harushi mikono kama watu wanavyodhani. Kwa hiyo mchezo wa maji ni wa kukaa naye pale pale umbali wa mkono, simu ikiita au mtu akigonga mlango unamchukua unaenda naye, na mkimaliza maji yote yanamwagwa ndoo inageuzwa juu chini. Sio baadaye, wakati huo huo.

Asubuhi: maji, barafu na kivuli

Kuna mchezo mmoja ambao watu wanaudharau kwa sababu ni rahisi mno lakini mi nauweka namba moja. Mpe mtoto brashi kubwa ya kupakia rangi ukuta, ile pana, na kopo la maji ya kawaida. Mwambie apake ukuta, apake sakafu ya saruji, mlango wa mbao, mawe, chochote kilichoko nje. Maji yakigusa saruji inageuka nyeusi na mtoto anaona kabisa kwamba kapaka, anaongeza, anarudi nyuma kuangalia, afu anageuka anakuta ule mwanzo umeshapotea. Hapo utamuona kasimama na brashi inachuruzika miguuni anaangalia ukuta. Muulize imeenda wapi, na usimjibu haraka, mwache afikirie, atakwambia majibu ya ajabu na yote ni ya maana. Baadaye unaweza kumwambia kwamba jua limeyapasha joto yakageuka mvuke yakaenda hewani. Ukitaka kuendeleza, mwagia maji kidogo chini yatengeneze kidimbwi, zungusha mstari wa chaki ukingoni mwake, rudini baada ya nusu saa mkazungushe mwingine. Mkirudi mara tatu nne mnakuwa na mistari ndani ya mistari, dimbwi linapungua na mtoto anaona kwa macho yake. Huu mchezo hauachi uchafu wowote, hamna cha kufuta.

Baada ya hapo kuna kumimina. Mabeseni mawili, vikombe vya plastiki vya saizi tofauti, jagi, chupa ya plastiki uliyoikata juu kwa mkasi ukaigeuza ikawa ya kumiminia, na sponji. Sponji ndo muhimu hapo, mwambie ahamishe maji yote kutoka beseni hili kwenda lile kwa sponji peke yake, anachovya anakamua anachovya anakamua, hiyo kukamua inaimarisha misuli ya kiganja ambayo kesho kutwa ndo itashika penseli. Ukingo wa chupa uliyoikata uzungushie selotepu usije ukamchana. Ukiongeza tone la sabuni na brashi ya zamani ya meno anakuwa na kituo cha kuosha magari na wanasesere na hapo unaweza kupata muda mzuri tu.

Kuzama na kuelea ufanye kwa utaratibu huu, kabla hajatumbukiza kitu mwambie abashiri kwanza, kitazama au kitaelea? Jiwe, jani, kijiko, kijiti, kifuniko kikubwa. Afu chukua plastisini, ile ya dukani ya mafuta, tengeneza donge itazama moja kwa moja, lile lile donge likunjue mtengeneze bakuli lenye kingo ndefu, litaelea. Udongo ni ule ule, uzito ule ule, umbo ndo limebadilika likasukuma maji mengi zaidi. Watoto wa miaka mitano sita hii inawakamata sana, watataka kujua bakuli linabeba vijiwe vingapi kabla halijazama.

Barafu inataka maandalizi ya jana yake usiku. Weka midoli midogo ya plastiki (ile isiyopita ndani ya rola) kwenye dishi, mimina maji nusu, gandisha, ikishaganda ongeza midoli mingine na maji mengine, gandisha tena. Ukimimina yote mara moja midoli yote inaelea juu na kazi inaisha upesi, ukifanya kwa tabaka anakuwa na kitu cha kuchimbua. Asubuhi mpe donge zima kwenye sinia, na kijiko, na kikombe cha maji ya uvuguvugu sio ya moto, na chumvi kidogo kwenye kibakuli. Chumvi inashusha ile nyuzi ambayo maji yanagandia kwa hiyo pale iliponyunyizwa barafu inayeyuka na kutengeneza vijitundu na mifereji, ukidondosha rangi ya chakula juu yake rangi inapita humo humo mtoto anaona njia zote. Ila angalia, barafu iliyochanganyika na chumvi inakuwa baridi kuliko barafu ya kawaida, chini ya sifuri kabisa, inaweza kuunguza ngozi, kwa hiyo asiishike mkononi kwa muda mrefu, atumie kijiko.

Rangi za barafu pia ni rahisi, trei ya barafu, maji yenye rangi ya chakula, funika juu na foili afu choma vijiti kupitia foili ili visimame wima, gandisha usiku kucha. Kesho yake anapaka kwenye karatasi nene, mwanzoni haitoi rangi mpaka ianze kuyeyuka, mwambie avumilie. Mvalishe nguo ambayo huna uchungu nayo mana rangi ya chakula haitoki kirahisi.

Sasa kabla hamjaingia ndani saa nne tegeni kazi mbili za kufanywa na jua lenyewe wakati nyie mko kivulini. Ya kwanza, karatasi za rangi iliyokolea, zile za bei ya chini ndo nzuri zaidi kwa hili kwa sababu rangi yake inapauka upesi, buluu au zambarau. Mtoto anapanga majani, maumbo aliyokata, chochote bapa, anakandamiza na vijiwe visipeperuke, mnaacha juani. Jioni mkiondoa vitu mnakuta karatasi yote imepauka isipokuwa pale palipofunikwa, umbo la jani limebaki na rangi yake. Jua likiwa la mawingu acheni hata siku mbili. Ya pili ni kivuli, simamisha mdoli wa mnyama juu ya karatasi kubwa mahali penye jua siku nzima, mtoto achore ukingo wa kivuli chake asubuhi, tokeni dakika mbili mchana mchore tena, na jioni tena. Asubuhi kivuli kirefu, mchana kifupi, jioni kirefu tena lakini kimeenda upande mwingine. Hakikisha mdoli na karatasi havisogezwi, weka alama ya miguu ya mdoli ili hata ukianguka unarudishwa pale pale.

Mchana: ndani, mezani au sakafuni

Kama una nguvu ya kufanya kitu kimoja tu katika haya yote, fanya unga wa kuchezea. Usinunue, tengenezeni, kutengeneza kwenyewe ni nusu ya mchezo.

Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula, maji ya uvuguvugu kuanzia robo tatu ya kikombe kwenda mpaka kikombe kizima. Kikombe ni chochote ila kiwe hicho hicho kwa vyote. Mtoto anamimina unga na chumvi anachanganya kwa mkono, anaweka mafuta, afu maji yanaenda kidogo kidogo, usiyamwage yote mara moja. Mwanzoni inakuwa mabonge mabonge inanata vidoleni na mtoto mwingine hapo atakunyooshea mikono anataka umfute, mwambie aendelee kidogo tu, mpake unga mkavu viganjani. Kandeni dakika tano hivi. Ikinata bado ongeza unga kijiko kimoja kimoja, ikipasuka pasuka pembeni ukiibonyeza ongeza maji kwa matone. Imeiva pale ukibonyeza kidole alama inabaki na kidole kinatoka kikavu.

Rangi, watu wengi wanaiweka kwenye maji na inachanganyika vizuri, ila kuna njia ya kumfurahisha zaidi. Gawanya donge, toboa shimo katikati kwa kidole gumba, dondosha rangi humo bila yeye kuona, funga, mpe akande. Anafinya donge jeupe na ghafla rangi inaanza kutokea kwenye nyufa. Fanya buluu na njano kwenye donge moja, azidishe kukanda mpaka apate kijani mwenyewe.

Vya kuchezea na huo unga wala usihangaike kununua, uma unatoa mistari, chanuo la zamani, kifuniko cha chupa kinakata miduara (kwa wakubwa wa miaka mitatu), kitambaa chenye nakshi ukikibonyeza kinaacha alama, majani, na mkasi wa ncha butu. Kukata unga kwa mkasi ni rahisi kuliko karatasi kwa hiyo mtoto anayejifunza mkasi aanzie hapa. Mtengenezee mikia mirefu ya unga aikate vipande, atamaliza yote akuombe mingine. Mkimaliza funga kwenye kopo lisilopitisha hewa weka kwenye friji, unakaa wiki moja hadi mbili, ukianza kutoa maji au kunuka tupa. Na chumvi iliyomo ni nyingi sana, mtoto akionja kidogo atatema mwenyewe lakini asiachwe aule, chumvi nyingi ni hatari kwa mwili mdogo, na mbwa pia mnyime.

Ukitaka kitu cha kutunza, achana na mafuta. Unga vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kikombe 1, kanda mpaka ulainike, usukume uwe na unene wa nusu sentimita, mtoto akandamize kiganja au jani, toboa tundu la kamba kwa mrija ukiwa bado mbichi. Oka kwenye oveni nyuzi 100 za selsiasi saa mbili hadi tatu ukigeuza katikati, au anika juani siku kadhaa huku ukigeuza. Moto ukiwa mkubwa unavimba na kupasuka. Ukishakauka kabisa ndo anapaka rangi.

Kuna kingine cha ajabu, konflawa vikombe 2 na maji kikombe 1, basi. Konflawa ni ule unga mweupe laini sana wa mahindi wa kuzidishia uzito mchuzi. Changanya polepole. Ukiugonga kwa ngumi unakuwa mgumu ngumi inadunda, ukiuzamisha mkono taratibu unazama kama kwenye maji. Finya donge kiganjani linashikana, fungua vidole linachuruzika chini. Chembe zake ukizisukuma haraka zinabanana hazipati nafasi ya kupishana, ukienda taratibu zinapishana. Mtoto wa miaka minne hahitaji hayo maelezo anahitaji tu muda, mpe nusu saa na sinia lenye kingo. Mkimaliza usimwage kwenye sinki, unatuama chini ya bomba unaziba, uache ukauke uutupe kwenye pipa la taka.

Soda ya kuokea na siki mnaijua wengi, tandaza soda kwenye sinia, mpe siki iliyotiwa rangi na bomba la plastiki la kunyweshea watoto dawa, adondoshe tone tone aone inavyochemka, ni gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka, ile ile ya kwenye vinywaji vya soda. Hakikisha ni soda yenyewe sio hamira. Asikae na uso karibu, siki inawasha macho, na msiifungie kabisa kwenye chupa mana gesi inajaa chupa inaweza kulipuka.

Karatasi na mkasi ni habari inayotaka uvumilivu na naona wazazi wengi wanairuka hatua. Mtoto wa miaka miwili anachana kwa mikono, mpe magazeti ya zamani achane mpaka atosheke, kuchana ni kazi ya vidole vya mikono yote miwili. Akifika mitatu mpe mkasi wa ncha butu na vipande vyembamba vya karatasi vya upana wa sentimita mbili hivi, ambavyo ukibana mkasi mara moja tu kipande kinaanguka. Hiyo raha ya kipande kuanguka ndo inayomfundisha. Karatasi iwe nene kidogo, nyembamba inajikunja kwenye mkasi inamchosha. Kidole gumba kinaangalia juu, mkono wa pili pia gumba juu, na kama anakunja mkono vibaya chora nukta au bandika stika kwenye ukucha wa kidole gumba umwambie stika iangalie dari. Mstari mnyooko anaukata kwenye miaka minne, kupinda pinda na miduara baadaye. Usimpe duara akiwa na mitatu afu ushangae ametupa mkasi. Na kama anatumia mkono wa kushoto mtafutie mkasi wa kushoto, ule wa kawaida unabana karatasi badala ya kukata na unamficha mstari.

Vile vipande vyote alivyokata na kuchana ndo malighafi ya kubandika. Gundi mnaweza kutengeneza kwa unga na maji mkachemsha kidogo ikawa uji mzito, ikipoa inabandika vizuri. Chora umbo kubwa la samaki au ndege, au usichore kitu, mwache abandike anavyotaka.

Majani mliyookota asubuhi yalaze upande wa mishipa juu, upande wa nyuma wa jani ambao mishipa imetokeza, weka karatasi nyembamba juu yake, bandika pembe na selotepu isiteleze, apake krayoni iliyolala ubavu. Mishipa inajitokeza yote. Vunja krayoni ziwe fupi makusudi, kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi kinamlazimisha ashike kwa vidole vitatu.

Maboksi sitasema mengi, mpe boksi kubwa toa pini zote za chuma, mwulize hiki ni nini, na ukate mlango au dirisha pale anapokuonyesha, kisu ushike wewe akiwa mbali kidogo. Marola ya tishu yakate mengine kwa urefu yawe mifereji, yabandike ukutani kwa ile selotepu ya karatasi isiyobandua rangi, moja linamiminia jingine kwa mshazari, juu anadondosha kijimpira cha karatasi kinashuka mpaka kwenye bakuli chini. Kikiishia katikati usirekebishe, mwulize kimekwama wapi.

Mbegu zianzishwe siku za mwanzo mwanzo za likizo ili ziwe na muda. Loweka maharage usiku, asubuhi jaza tishu zilizolowa kwenye chupa ya kioo au ya plastiki inayoonyesha ndani, chomeka maharage kati ya tishu na ukuta wa chupa ili yaonekane. Tishu iwe na unyevu isiogelee, mbegu zinaoza. Mzizi unatoka kwanza ndani ya siku chache kutegemea joto, na unaelekea chini, shina linakuja baadaye kwenda juu. Hapo ndo pazuri, ukishaona mzizi umefika sentimita mbili ilaze chupa ubavu uiache hivyo, baada ya siku moja mbili mzizi umejipinda umetafuta chini tena. Mtoto achore kila asubuhi alichokiona, hata mistari miwili inatosha. Na maharage makavu au mabichi yasitafunwe, mengine yana sumu yakiwa hayajapikwa, na watoto wana tabia ya kuchomeka puani.

Jioni: mapovu na tochi

Mapovu ya kutengeneza yanawashinda wengi kwa sababu wanachanganya sabuni na maji wanaanza kupuliza hapo hapo, yanapasuka. Maji vikombe 6, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kikombe 1, gliserini kijiko 1 cha chakula, kama hamna gliserini yeyusha sukari vijiko 2 kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Koroga taratibu usitengeneze povu juu, povu ni adui hapa, funika acha mpaka kesho yake. Kiputo kinapasuka ngozi yake ya maji ikikauka, gliserini na sukari vinachelewesha hilo kukauka, na ndo mana jioni na alfajiri hewa ikiwa na unyevu na upepo umetulia vinadumu kuliko saa saba mchana.

Cha kupulizia, mrija, waya uliokunjwa duara na ncha zake zimefunikwa selotepu, au kwa viputo vikubwa vijiti viwili vilivyofungwa uzi wa pamba pande zote ukawa kitanzi, unachovya unafungua vijiti taratibu unarudi nyuma. Uzi wa pamba unashika maji mengi wa nailoni hauna maana. Mtoto ambaye bado anavuta badala ya kupuliza asipewe mrija, apewe kitanzi apunge. Fanyeni kwenye majani au udongo, sakafu yenye vigae ikilowa sabuni inaangusha hata mtu mzima.

Giza likiingia tochi moja na ukuta mtupu vinatosha. Vile vipande vya karatasi vya mchana vibandikwe kwenye vijiti, ukivisogeza karibu na tochi kivuli kinakuwa kikubwa, ukivipeleka karibu na ukuta kinakuwa kidogo na ukingo wake unakaza. Mtoto atagundua mwenyewe ukimpa tochi yeye ashike, na hadithi atatunga yeye.

Kuhusu kusafisha, sambaza shuka la zamani au mfuko mkubwa wa plastiki uliokatwa kabla hamjaanza, kila kitu kiwe ndani ya sinia, na mtoto ashiriki kufuta hata kama anasambaza zaidi. Ndoo moja ya maji na kitambaa viwe pale pale mezani tangu mwanzo ili asitembee na mikono ya rangi mpaka bafuni.

Usijaze siku, kitu kimoja asubuhi na kimoja mchana vinatosha kabisa, na kesho yake unaweza kurudia kile kile. Watoto wadogo wanapenda kurudia, mara ya tatu ndo wanaanza kubuni vyao. Akikataa kitu weka pembeni bila kubembeleza, kirudishe wiki ijayo.

Na kama una wawili wa umri tofauti, mmoja ana mwaka na nusu mwingine mitano, kaa nao meza moja ila sinia tofauti. Kazi zenye vitu vidogo mkubwa azifanye wakati mdogo amelala, mdogo akiwa macho wote wapewe unga, maji au brashi, mkubwa awe ndo anayemwonyesha mdogo. Akishapewa hiyo kazi ya kufundisha anakaa zaidi kuliko angekaa peke yake, ila bado wewe ndo unayeangalia mdomo wa mdogo.